Kabla hujabonyeza "Nakubali": msanii na msambazaji wake

Spotify na Apple Music hazipokei wimbo kutoka mkononi mwa msanii. Lazima upitie kwa msambazaji, yaani kampuni inayofikisha nyimbo kwenye majukwaa hayo. YouTube na Audiomack unaweza kupandisha mwenyewe. Wasanii wengi wanaojitegemea humchagua msambazaji kwa haraka, na hapo ndipo haki zao zinapowaponyoka.

Chukua mfano wa wasambazaji wawili. DistroKid hutoza ada ya mwaka. Ukiacha kulipa, nyimbo zinaweza kuondolewa, isipokuwa umelipia huduma ya ziada ya kuzibakiza. CD Baby hutoza mara moja kwa kila toleo, kisha hukata asilimia 9 ya mapato. Wengine hawadai chochote mwanzoni ila huchukua fungu lao baadaye. Anayetoa wimbo mmoja kwa mwaka ningemshauri alipe mara moja.

Lakini kubwa kuliko bei ni kifungu kinachosema nani mmiliki wa rekodi. Msambazaji anahitaji leseni tu, yaani ruhusa ya kuutumia wimbo, tena ya muda maalumu. Ukikuta umeandikiwa kwamba "unahamisha haki", au mkataba wa miaka mingi usioonyesha namna ya kutoka, usisaini. Mpe wakili ausome.

Kila rekodi hupewa namba ya utambulisho iitwayo ISRC, yenye herufi na tarakimu 12. Itunze. Siku ukihama, mpe msambazaji mpya namba ileile na faili lilelile, subiri wimbo uonekane, ndipo umwambie wa zamani auondoe. Ukikubali namba mpya, hesabu ya waliousikiliza inaweza kuanza upya, na jasho la miaka likapotea.

Biti nazo zinaleta kesi nyingi. Biti ya mtandaoni isiyo ya kwako peke yako huuzwa kwa wengine pia. Wimbo wenye biti hiyo ukiingizwa kwenye Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua sauti zenye mwenyewe, mfumo huo utawadai hata wasanii wenzako walioilipia kihalali. Usiuingize. Na hata kama prodyuza ni rafiki yako wa mtaani, andikishaneni asilimia kabla wimbo haujatoka.

Tena, fedha za msambazaji ni za rekodi mtandaoni. Wimbo ukipigwa redioni au baa, mirabaha yake, yaani malipo ya kutumia kazi yako, haipiti kwa msambazaji. Kwa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inakulinda hata kabla hujasajili, ila kukitokea mgogoro utatakiwa ushahidi. Sajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na yale makubaliano yako na prodyuza yahifadhi pamoja na cheti cha usajili.