Stakabadhi ghalani siyo serikali kununua korosho

Jamani hii ya kusema serikali ndo inanunua korosho kupitia stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kuuza mazao kwa mnada yakiwa ghalani, siyo kweli kabisa. Mkulima anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unapimwa, unaenda ghala kuu, wanunuzi wanashindana mnadani, wakishalipa yanatolewa makato ndo hela inaingia benki kwa mkulima, kwa hiyo soko la dunia likishuka na Mtwara bei inashuka. Nadhani watu wanachanganya na msimu wa 2018, Magufuli alipokataa bei za wafanyabiashara akasema serikali itanunua yote kwa 3,300 kilo, jeshi likaenda kusomba, ile ilikuwa dharura. Malipo yakichelewa anzeni na viongozi wa AMCOS, waulizeni mnunuzi kalipa lini na makato ni yapi, ni haki yenu kabisa!