Minyororo ya Matairi na Zana za Kunasua Gari: Ushauri kwa Madereva wa Mapori ya Tabora na Kigoma

Madereva wa kambi za uwindaji wanaofika kwenye mafunzo yetu hutaka kujua wanunue minyororo ya aina gani. Mimi huwauliza kwanza: tope la barabara yako ni la aina gani? Minyororo hutibu utelezi. Gari likishazama, haitaliokoa, na mara nyingi italizamisha zaidi.

Msimu wa uwindaji hufunguliwa Julai, barabara za porini zikiwa kavu na ngumu. Novemba mvua zinapoanza, baadhi ya kambi bado zina wageni, na njia zile zile hubadilika kwa usiku mmoja. Anayetoka Sikonge kwenda Ipole na kuingia porini anajua mpangilio wa ardhi yetu: mwinuko wa miombo wenye kichanga, kisha mteremko mdogo, kisha mbuga tambarare yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, halafu kichanga tena. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, Tanga, aliueleza mpangilio huu miaka ya 1930, na hadi leo unamsaidia dereva. Ukiona miti mirefu inapungua na nyasi zinatawala mbele yako, jua mbuga inakuja, hata kama hapo ulipo ni pakavu kabisa. Simama juu, kwenye kichanga, ujiandae.

Udongo wa mbuga hupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Ukilowa huvimba, hunata, na kujaza kashata za tairi hadi tairi jipya liteleze kama kipara. Mvua ikiwa ndogo, juu kuna utelezi na chini bado pagumu. Hapo minyororo inafaa sana, kwa sababu viungo vyake hukata ule utando na kushika pagumu. Ndivyo ilivyo pia kwenye miinuko ya udongo mwekundu ya Kasulu na Buhigwe. Lakini mbuga ikishanyeshewa wiki nzima, huko chini hakuna pagumu pa kushika. Tairi lenye mnyororo likizunguka hapo, huchimba shimo upesi kuliko tairi tupu. Kwenye kichanga pia usiitumie, itachimba vivyo hivyo.

Nunua minyororo inayolingana na namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Mnyororo wa 7.50R16 si wa tairi pana la 265/70R16, hata fundi akikuambia utabana tu. Ivalishe kabla ya kuingia kwenye tope. Kuifunga ukiwa umelala ubavuni ndani ya matope ni mateso, na huwezi kuikaza sawasawa. Endesha mita 50 hivi, simama, kaza tena. Tazama upande wa ndani wa gurudumu: mnyororo uliolegea hukata mipira ya breki na kugonga shokapu. Pikapu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma huvishwa nyuma. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, ukiwa na jozi moja tu ya minyororo, fuata kitabu cha gari, na ujue kwamba kwenye mteremko, minyororo ikiwa nyuma tu unaweza kukosa usukani, na ikiwa mbele tu mkia unaweza kuzunguka. Kwa milima ya Kigoma mimi napendekeza magurudumu yote manne. Nenda mwendo wa polepole, na uivue mara ufikapo kwenye ardhi ngumu.

Kwenye mbuga iliyolowa sana, njia bora ni kupunguza upepo. Shusha hadi karibu PSI 20, tairi litanuke na kugawa uzito. Fanya hivyo ukiwa na pampu garini, kwa kuwa tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa kwenye changarawe huchemka na kupasuka. Usichanganye upepo mdogo na minyororo, maana mnyororo utalegea. Ingiza gia nzito, tembea kwa mwendo ule ule, na ukiona gari linakataa kusonga, ondoa mguu kwenye mafuta. Dereva anayeacha mapema huwa ana kazi ya dakika chache za koleo. Anayeendelea kukanyaga atalaza chesisi kwenye tope, na hiyo ni kazi ya nusu siku.

Sasa chimba, kabla ya kufikiria kuvuta. Kwa makadirio yanayotumiwa na waokoaji wa magari, gari lililozama hadi ringi huhitaji nguvu sawa na uzito wake wote ili litoke. Likizama hadi madigadi, huhitaji mara mbili. Kila koleo la tope unalotoa mbele ya matairi na chini ya chesisi linapunguza mzigo utakaoibebesha kamba. Weka ubao mpana chini ya jeki isizame, inua gurudumu, jaza chini yake matawi makavu yaliyoanguka. Usikate miti hai ndani ya hifadhi. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Kuvuta ndiko kunakoua watu, na hapa nasisitiza kwa uzito wote. Land Cruiser yenye mizigo ya kambi inaweza kupita tani 3, hivyo kamba iwe na nguvu ya tani 8 au 9. Kamba ya nailoni inayonyumbulika ndiyo ya kuvutia kwa mtikisiko mdogo. Mnyororo wa chuma na waya havinyumbuliki, na gari likikurupuka navyo, kitu lazima kikatike. Funga kwenye pete au ndoano ya kuvutia iliyoshikana na chesisi. Usifunge kwenye bampa, wala kwenye kile kichwa cha chuma cha mviringo cha kuunganishia tela. Kichwa hicho kikivunjika huruka kwa kasi ya kutosha kupita kwenye kioo na kumuua aliyeketi ndani.

Abiria wote washuke na wakae mbali, angalau mara moja na nusu ya urefu wa kamba, tena pembeni. Tandika turubai au blanketi zito katikati ya kamba ili ikikatika ianguke chini badala ya kuruka. Mtu mmoja tu ndiye atoe ishara.

Kwa winchi, yaani mashine ya kuvutia waya iliyofungwa kwenye gari, zungushia mti ukanda mpana, si waya, vinginevyo gome litachunwa na mti utakufa. Acha angalau mizunguko mitano ya waya kwenye ngoma. Ukiwa na kapi, rudisha waya kwenye gari lako: nguvu inakaribia kuongezeka mara mbili, mwendo unapungua nusu. Vaa glovu, na usiruke waya uliokazika.

Chimbeni mkiwa mmevaa nguo za mikono mirefu, tena za rangi ya udongo. Bluu na nyeusi huvutia ndorobo, na malale bado ni ugonjwa wa mapori haya.

Mkirudi kambini, osheni minyororo, ikaushwe na kupakwa mafuta. Kagueni breki kabla ya safari inayofuata, kwani tope la mfinyanzi likikauka hubana. Kamba ioshwe kwa maji safi, na iliyochanika nyuzi ikatwe vipande vipande siku hiyo hiyo, asije mtu akaiokota na kuitumia.