Samuel Romilly na kitanzi cha shilingi 5

Mwanzoni mwa karne ya 19, Uingereza ilikuwa na makosa zaidi ya 200 ambayo adhabu yake ilikuwa kunyongwa. Kuiba kisirisiri dukani bidhaa ya shilingi 5, yaani robo ya pauni, lilikuwa mojawapo. Wakili Samuel Romilly alipigana na sheria hizo bungeni mpaka mwisho wa uhai wake.

Alizaliwa London mwaka 1757, mtoto wa sonara wa ukoo wa Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa. Alianza uwakili mwaka 1783. Mwaka 1806 aliteuliwa Wakili Mkuu wa Serikali, akaingia bungeni, na mwaka uliofuata akautetea muswada wa kukomesha biashara ya watumwa. Serikali ile ikaanguka, cheo kikaenda nayo. Kwangu mimi, kazi yake kubwa ilianzia hapo.

Tuingie mahakamani tuone alichokiona. Raia 12 wameapishwa kuamua kesi. Mbele yao amesimama mtu aliyeiba kipande cha kitambaa. Wakisema kina thamani ya shilingi 5, atahukumiwa kifo. Basi wanasema shilingi 4 na peni 10, pungufu ya peni 2 tu, maana shilingi ilikuwa na peni 12. Wapo pia wenye mali waliokataa kabisa kushtaki, wasije wakabeba damu ya mtu. Romilly akashika hoja moja: mwizi hazuiwi na ukali wa adhabu bali na uhakika kwamba hataikwepa.

Mwaka 1808 alifaulu kuwaondolea wachomoaji wa mifukoni adhabu ya kifo. Mashtaka yakaongezeka, na wapinzani wakadai wizi umezidi. Akawajibu kwamba walioibiwa sasa hawaogopi kushtaki, na naona alikuwa sahihi.

Muswada wake kuhusu wizi wa dukani ulipita Bunge la Makabwela mwaka 1810, ukakataliwa na Bunge la Mabwanyenye, lile la juu, ambamo maaskofu nao walikuwa na viti. Maaskofu 7, akiwemo Askofu Mkuu wa Canterbury, walipiga kura ya kuupinga. Jambo hilo linaniuma kila ninapolisoma. Aliurudisha tena, wakaukataa tena.

Oktoba 1818 alifiwa na mkewe, Anne. Huzuni ilimzidi, na siku 4 baadaye akajiua. James Mackintosh, naye mwanasheria na mbunge, akaipokea kazi hiyo, na katika miaka ya 1820 kitanzi cha shilingi 5 kikaondolewa.