Mchungaji anapojibu swali ambalo daktari hawezi kulijibu

Katika kazi yangu ya uelimishaji wa afya Kanda ya Ziwa, nimeona mara nyingi mpango ukihesabiwa kuwa unaungwa mkono na kanisa kwa sababu tu mhudumu wa afya ameruhusiwa kusimama wakati wa matangazo. Ruhusa hiyo ina faida yake, lakini ni ndogo kuliko tunavyodhani.

Utafiti wa vijijini kaskazini magharibi mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la The Lancet, unalionyesha hilo vizuri. Vijiji vyote 16 vilipata kampeni ya kawaida ya tohara ya kitabibu, ambayo hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke. Katika vijiji 8, viongozi wa makanisa walipewa pia semina ya siku moja iliyofundishwa na mchungaji na tabibu, kisha wakaendelea kukutana na watafiti kila baada ya wiki mbili. Huko, asilimia 52.8 ya wanaume walitahiriwa. Kwingine, asilimia 29.5.

Wasukuma kwa jadi hawatahiri, na Wakristo wengi wa huku waliiona tohara kuwa jambo la Waislamu. Mzee wa kanisa mmoja aliwahi kuuliza mbele yetu: je, Paulo hakuwaonya Wagalatia wasitahiriwe? Tabibu hakuwa na la kusema. Mchungaji ndiye aliyeeleza kwamba Paulo alikataa tohara kuwa sharti la wokovu, wala hakuwa akizungumzia kinga ya maradhi. Na baada ya hapo watu wakaanza kuuliza habari za maumivu, kidonda, na zile wiki sita za kujizuia na tendo la ndoa.

Lakini mimbari hueneza kosa kwa nguvu ileile. Mchungaji akisema tohara inakinga kabisa, waumini wataacha kondomu kwa imani njema, na ndiyo maana naamini mikutano ile ya kila wiki mbili ilikuwa na uzito kuliko semina yenyewe. Pale ambapo kanisa haliwezi kutaja kondomu, tunakubaliana mapema ni nani atakayezitaja, na wapi.

Wachungaji pia huhamishwa. Kwa hiyo ninapopanga mafunzo huomba waitwe wazee wa kanisa na viongozi wa akina mama, ambao hubaki kijijini.