Je, wajua kwa nini laptopu zingine hazina vile vitufe vya juu vya F1 mpaka F12, na ule utepe wa kioo unaweza kukufanyia kazi gani?

Wiki jana mama mmoja aliingia hapa cyber yetu mtaa wa Umoja na picha ya mtoto kwa simu, picha kubwa ajabu, na fomu anayojaza mtandaoni ilikuwa imemkataa mara tatu ati faili imezidi. Nikaivuta ikaingia kwa laptopu, nikaichagua, nikagusa kile kioo chembamba kilicho juu ya namba mahali pameandikwa "Fomu", na kabla hajavuta kiti picha ilikuwa imeshapungua na imegeuka JPEG, ile aina ya faili ya picha ambayo fomu nyingi zinakubali. Akainama akaangalia vizuri. "Kijana, hapo si ndio huwa na F1, F2?" Nikamwambia mama, hapa hakuna F1, hapa kuna TV ndogo. Akacheka, akatoa mbao yake, shilingi ishirini, akaenda zake, lakini hilo swali naulizwa kila mara so wacha nilijibu mara moja.

Hiyo kitu inaitwa Touch Bar. Apple waliitoa Oktoba 2016 kwa laptopu zao za MacBook Pro, wakang'oa laini yote ya juu, F1 mpaka F12 pamoja na Esc, wakalaza hapo skrini ya OLED yenye pikseli 2170 kwa upana na 60 pekee kwa kimo. Hapa Nairobi siku hizi zimejaa, zile za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, na ukipita Luthuli ama Moi Avenue utasikia muuzaji anakuambia "hii ni touch", wewe unaanza kugusa kioo kikubwa na hakuna kitu inafanyika, kumbe touch yenyewe ni kale kautepe.

Sasa inabadilikaje? Vitufe vya kawaida vimechorwa kiwandani, F5 itabaki F5 mpaka kibodi ife. Lakini huu utepe ni skrini kabisa, so kila kitufe unachoona hapo ni picha tu, na picha inaweza kuwa chochote. Programu iliyo mbele yako ndio inauambia mtambo "mimi nataka hivi na hivi", basi sehemu ya katikati inachorwa upya. Ukifungua Safari, ile programu ya kuingia mtandaoni, unaona kurasa zote ulizofungua, ukiandika ujumbe zinakuja emoji na maneno ya kukisia, ukifungua programu ambayo aliyeitengeneza hakujisumbua kuomba kitu, katikati panabaki peusi tu. Upande wa kulia ndio kuna kile kipande wanaita Control Strip, cha sauti na mwangaza, hicho hakiondoki hata ubadilishe programu. Na zile F zako hazijapotea, shikilia fn zinatokea.

Kugusa kwenyewe ni kama simu yako tu. Chini ya kioo kuna umeme kidogo sana umetandazwa, kidole chako kinapitisha umeme, kikikaribia kinavuruga ile chaji na mtambo unajua ni wapi. Ndio maana ukigonga na kalamu ama kucha peke yake hakuna jibu. Kitu ilinishangaza mimi ni kwamba za kwanza hizo utepe uliwekewa chipu yake, T1, halafu T2 kuanzia 2018, na hiyo chipu inaendeshwa na mfumo uliokatwa kutoka kwa ule wa Apple Watch. Yaani unagusa Esc na ni saa ya mkono inakusikia.

Watu wengi waliichukia, na siwalaumu sana. Vidole vyako vinajua F5 iko wapi bila kuangalia, lakini kioo ni laini mwanzo mwisho, lazima ushushe macho, na hakitetemeki kukuambia umebonyeza. Maprograma ndio walilia zaidi juu ya Esc, mpaka 2019 ile ya inchi 16 ikarudishiwa Esc ya kawaida. 2021 wakaiondoa kabisa kwa zile kubwa, ikabaki kwa inchi 13 mpaka Oktoba 2023 ikazikwa. Lakini mimi naona kosa kubwa ni kwamba watu waliiacha vile ilikuja. Kama utepe wako kazi yake ni kupandisha sauti, kweli haina maana, si bora kitufe. Maana yake inakuja ukiupa kazi ambayo ungeifanya mara arobaini kwa siku.

Kwangu mimi hiyo kazi ni picha za fomu. Kila portal na masharti yake, huyu anataka ndogo, huyu anataka JPEG, na simu za iPhone zinapiga HEIC, aina nyingine ya faili ya picha ambayo fomu nyingi haziijui. Zamani nilikuwa nafungua kila moja, natafuta menyu, napunguza, nasevu kwa jina lingine, na laini inafika mlangoni. Dawa yake iko ndani ya hiyo laptopu na haiuzwi: programu inaitwa Automator, imekuja na Mac tangu 2005. Unaifungua, unachagua "Quick Action", unaiambia ipokee faili za picha kutoka Finder, pale Mac inakuonyesha mafolda yako, halafu unaburuta hatua moja moja kuziweka chini ya nyingine kama unapanga chapati kwa sahani. Yangu iko na tatu: nakili faili, punguza iwe pikseli 800, geuza iwe JPEG. Unaisevu na jina fupi, mimi niliandika "Fomu". Hii ya kutokea kwa utepe iliingia na Mojave, toleo la 2018 la macOS, mfumo unaoendesha Mac, so kama yako iko chini ya hapo sasisha kwanza. Kama uko na Monterey, toleo la baadaye, kwenda juu kuna ile programu ya Shortcuts pia, kazi ni ile ile na ni nyepesi kidogo.

Halafu unaenda kwa mipangilio, Keyboard, kuna mahali pa kurekebisha Control Strip, na hapa ndio napenda sana. Unashika kitufe cha Quick Actions kwa mshale, unaburuta chini, chini, mpaka ukingo wa skrini, unaendelea kuvuta tu, na kitufe kinatoka kwa skrini kubwa kinaangukia kwa utepe, vile vingine vinatetemeka vikikipisha njia. Mara ya kwanza nilirudia kama mara tano bila sababu, naangalia tu vile kinavuka. Ukimaliza, ukigusa hicho kitufe kazi zako zote zinajipanga hapo. Ama kama hutaki kukipa nafasi, iambie fn ndio ionyeshe Quick Actions, lakini ukifanya hivyo F1 zako utazitafuta.

Onyo moja, na hili nilijifunza vibaya. Ile hatua ya kupunguza picha haitengenezi nakala, inaipunguza ile ile uliyonayo. Ukiiweka, Automator yenyewe inakuuliza kama iongeze hatua ya kunakili kwanza, na mimi siku ya kwanza nikiwa na haraka ya kijinga nikasema hapana. Jirani akaleta picha za graduesheni ya dada yake ziko kwa folda moja, nikataka kumtolea moja ya fomu, nikachagua zote bila kuona, nikagusa. Zikawa ndogo zote, na sio nakala, ni zenyewe. Jasho lilinitoka. Bahati ile memori kadi ya kamera alikuwa hajaifuta, la sivyo ningekuwa nahama mtaa. Na kwa sababu kioo hakina kubonyea, mkono ukipita hapo juu ukienda kwa kufuta herufi unaweza kugusa kitu bila kujua, so usiweke hapo kitu chochote kinachofuta.

Ukitaka kwenda mbali zaidi kuna BetterTouchTool ya Mjerumani Andreas Hegenberg, hiyo unalipia lakini inakupa siku za kujaribu, na kila programu unaipangia vitufe vyake, rangi, hadi kazi tano zifuatane kwa mguso mmoja. Ya bure ni MTMR, lakini hiyo unaandika kwa mkono faili ya JSON, maandishi ya mipangilio yenye mabano na koma, ukisahau koma moja vitufe vyako havitokei. Uzuri wake ni kwamba kitufe kinaweza kuendesha skripti, yaani kiprogramu kifupi ulichoandika, kila baada ya sekunde kadhaa na kuonyesha jibu pale pale. Mimi nimeweka kimoja kinahesabu faili zilizo kwa folda ya kuprinti, so nikiwa naongea na mteja naona tu namba inapanda. Kuna nyingine pia, HapticKey, inafanya ile padi ya mausi igonge kidogo ukigusa utepe, inasaidia kiasi.

Na kama unaenda town kununua moja ya hizi, kabla hujatoa pesa shikilia fn uone F1 mpaka F12 zote zinatokea, halafu chukua kidole utelezeshe sauti polepole kutoka mwanzo mpaka mwisho, ukiona mahali panamwekamweka ama panaruka, rudisha. Ukiona utepe umezima kabisa usianze kubishana na muuzaji bado, huwa unafifia baada ya sekunde 60 na kuzima ikifika 75 kama hakuna mtu amegusa kitu. Gusa kwanza.