Bundi wa Pemba si ndege wa uchuro

Kila tukipanga kuwapeleka watoto msitu wa Ngezi, hapa Pemba, kutazama ndege, hakosi mzazi wa kutuasa: "Bundi msimuoneshe mwanangu. Akilia juu ya nyumba, mtu hufa."

Si kweli. Bundi hulia usiku kumwita mwenzake na kulinda eneo lake. Usiku wa kumuuguza mgonjwa ndio tunaokesha, tukamsikia. Usiku mwingine hulia vilevile, sisi tumelala.

Na huyu wetu ni mdogo mno, hafiki sentimita 20, macho ya manjano, manyoya ya kahawia. Mchana hujibanza kwenye majani mazito, unaweza kupita chini yake usimuone. Chakula chake ni wadudu. Hukaa hata kwenye mikarafuu iliyoachwa ikasongwa na vichaka, ndiyo maana sauti yake hufika majumbani.

Duniani kote hayupo ila Pemba, sawa na ndege wengine wa kisiwa hiki: ninga, chozi na kinengenenge wa Pemba. Mtoto akifundishwa kumwogopa, kesho atamrushia jiwe. Naomba sana, waacheni watoto wamwone, na akilia usiku waambieni ni nani.