Shotigani ya Kale ya Mitutu Miwili: Anza Kusoma Chini ya Mitutu

Mtu akitaka kujua shotigani yake ya zamani ni ya wapi na ya lini, kwa kawaida huleta picha za nakshi za ubavuni, kitako kilichopigwa vanishi upya, na jina lililochorwa kwa mbwembwe juu ya mitutu. Mimi jina hilo huliamini mwisho. Kuchora jina ni kazi ya mchana mmoja, na karne ya kumi na tisa ilikuwa na wachoraji wengi. Kinachoeleza asili ya bunduki kimepigwa chini ya mitutu, na hukioni mpaka uifungue.

Hakikisha kwanza haina risasi: sukuma wenzo, kunja mitutu, chungulia chemba zote mbili, yaani mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Kisha ifunge na uondoe ubao wa mbele, ule unaoshikwa kwa mkono wa kushoto. Nyingine zina kitufe cha kusukuma kwenye ncha ya ubao (hataza ya Anson, 1872), nyingine kiwenzo kidogo tumboni (Deeley na Edge, 1873), na za zamani zaidi zina kabari ya chuma inayopita upande hadi upande. Kabari isukume kwa kijiti kigumu. Ukitumia bisibisi utachubua mti, na thamani nayo itachubuka. Ubao ukitoka, kunja tena mitutu na uinyanyue.

Igeuze. Upande wa chemba, kushoto na kulia kwa zile ndoano zinazoshika mwili wa bunduki, kuna sehemu mbili bapa. Mihuri iko hapo. Paka mafuta mepesi, acha yalale usiku kucha, kisha sugua kwa mswaki wa meno. Msasa na brashi ya waya weka mbali kabisa. Tochi imulike kutoka ubavuni, karibu sambamba na chuma, ili muhuri uliofifia ujitokeze kwa kivuli chake.

Kwa Uingereza, mitutu hujaribiwa kwa baruti nyingi kuliko ya kawaida kabla ya kuuzwa, na ikistahimili hupigwa muhuri. London kazi hiyo ni ya chama cha mafundi bunduki chenye hati ya mwaka 1637. Alama zake ni herufi GP zilizosukwa pamoja chini ya taji, na V chini ya taji. Birmingham ilipata nyumba yake ya majaribio kwa sheria ya Bunge ya 1813. Hadi 1904 ilipiga mihuri miwili ya fimbo za kifalme zilizopishana, mmoja ukiwa na herufi BPC na mwingine V. Kuanzia 1904 ikabadili: BP na BV, kila moja chini ya taji.

Tarehe haitoki kwenye alama moja. Inatoka pale alama zinapobanana. Tuseme chini ya mitutu kuna fimbo zilizopishana, neno CHOKE, na maneno NITRO PROOF yakifuatiwa na uzito wa marisau. Fimbo zinasema si baada ya 1904. CHOKE, yaani mdomo wa mtutu umebanwa ili marisau yasitawanyike mapema, ilianza kupigwa 1887. Kabla yake, tangu 1875, mitutu ya namna hiyo iliandikwa NOT FOR BALL, kwamba isipigwe risasi moja nzima badala ya marisau. NITRO PROOF inathibitisha jaribio la baruti isiyo na moshi, na maneno hayo yalianza 1896. Basi mitutu hiyo ilijaribiwa kati ya 1896 na 1904. Usiipokee tu kama umri wa bunduki nzima, maana bunduki ya 1885 ingeweza kurudishwa kujaribiwa upya kwa baruti mpya. Hapo utakuta mihuri ya vipindi viwili, mmoja umechakaa kuliko mwingine.

Namba nazo huchanganya watu. Ndani ya umbo la almasi utaona 12 juu ya C: hiyo ni geji ya chemba. Pembeni kunaweza kuwa na 13 peke yake, na mwenye bunduki akadhani ameuziwa mitutu ya kuungaunga. Sivyo. Hiyo 13 ni kipenyo cha ndani cha mtutu wenyewe. Geji 12 maana yake tufe 12 za risasi zenye kipenyo hicho zina uzito wa ratili moja, nacho ni inchi 0.729, geji 13 ni inchi 0.710. Pima kipenyo inchi 9 kutoka nyuma ya mtutu. Kama muhuri unasema 13 na kipimo kinasoma 0.729, kuna mtu aliyekwangua mtutu kuondoa vishimo vya kutu, na kuta zimekuwa nyembamba kuliko zilizojaribiwa. Bunduki hiyo ni ya kutundika ukutani, hata kama inang'aa.

Pima na urefu wa chemba. Nyingi za Kiingereza za zama hizo ni inchi 2½, takribani milimita 65. Risasi ya leo ya milimita 70 huingia bila kelele, kwa sababu urefu huo ni wa ganda likishafyatuliwa. Mdomo wa ganda unapofunguka hukuta chemba imeisha, njia inabanwa na shinikizo linapanda.

Sasa Wabelgiji, waliojaza dunia shotigani za bei nafuu. Muhuri wa Liège, mji wao wa mafundi bunduki, ni yai lenye herufi ELG na nyota ndani. Yai likiwa na taji juu, mtutu ulipigwa 1893 au baadaye. Bila taji, kabla ya hapo. Karibu yake utaona herufi ndogo ya mkaguzi: ikiwa chini ya taji ni kabla ya 1877, chini ya nyota ni kuanzia mwaka huo. Huku juu ukandani, kwenye ukanda wa chuma unaounganisha mitutu, pengine pameandikwa W. Richards, ili mnunuzi wa Marekani afikirie Westley Richards wa Birmingham. Wakala H. & D. Folsom wa New York aliuza nyingi za aina hiyo. ELG ikiwa chini, jina la Kiingereza juu ni la dukani tu. Neno BELGIUM lililopigwa wazi linaonyesha iliingia Marekani baada ya sheria ya ushuru ya 1890 iliyodai nchi ya asili iandikwe.

Za Kijerumani ni rahisi. Herufi B, U, S na W, kila moja chini ya taji, zinafuata sheria ya 1891 iliyoanza kazi 1893. W ni mdomo uliobanwa. Za mji wa Suhl mara nyingi zina mwezi na mwaka: 3 12 ni Machi 1912. Za Marekani kama Parker hazina mihuri ya serikali, kwa hiyo utategemea namba ya bunduki.

Michirizi ya Dameski juu ya mitutu isikutie pepo. Ile ya kweli ni vipande vya chuma na feleji vilivyosokotwa na kuungwa kwa moto, hivyo michirizi huendelea hata chini, palipofunikwa na ubao wa mbele. Ya bandia imechorwa kwa asidi au rangi na hukatika ghafla pale fundi alipoona hakuna atakayetazama.

Mwisho linganisha namba ya mwili wa bunduki, ya mitutu na ya chuma cha ubao wa mbele. Zikitofautiana, huenda mitutu au ubao umetoka kwenye bunduki nyingine. Namba 1 au 2 ya dhahabu kwenye wenzo haihusiani na hayo. Inasema bunduki ni moja ya jozi. Zile namba tatu zikiwa sawa, na bunduki ikiwa ya watengenezaji wa London kama Purdey au Holland & Holland, waandikie wenyewe ukitaja namba ya bunduki, kwani madaftari yao ya zamani yapo. Ambatanisha picha ya mihuri iliyopigwa wima, rula ikiwa kando yake.